Ganga: Mto ulioshuka kuosha majivu ya wafu, leo wasubiri kuoshwa

KABLA jua halijachomoza katika mji wa Varanasi, kaskazini mwa India, maelfu ya watu huwa wameshateremka ngazi za mawe hadi ndani ya maji ya mto Ganga. Huchota maji kwa viganja viwili, huyainua kuelekea mashariki, kisha huyaachia yarudi mtoni. Kwa Mhindu, maji hayo ni mama aliyeshuka kutoka mbinguni, na ndivyo anavyoitwa: Ganga Mata, yaani Mama Ganga.

Mto huo una urefu wa takriban kilomita 2,500, kutoka milima ya Himalaya hadi Ghuba ya Bengal. Kando yake vipo vituo vya hija ambavyo vimezuriwa kwa karne nyingi, na karibu kila kimoja kina hekaya yake. Anayevifuata kutoka kwenye chanzo hadi baharini hutambua kuwa vituo hivyo vinasimulia kisa kimoja, kisa cha majivu yaliyokuwa yakisubiri maji safi.

Ombi la Bhagiratha

Kwa mujibu wa masimulizi yaliyomo katika tenzi kuu za Ramayana na Mahabharata, mfalme Sagara wa Ayodhya aliandaa kafara ya farasi, ibada ambayo wafalme wa kale waliitumia kuthibitisha ukuu wao. Indra, mfalme wa miungu, alimwiba farasi huyo na kumficha karibu na mtawa aitwaye Kapila, aliyekuwa amezama katika tafakuri.

Wana 60,000 wa Sagara walipomkuta farasi mahali hapo, walimtuhumu mtawa kuwa ndiye mwizi. Kapila akafumbua macho, na kwa moto wa ghadhabu yake wote wakageuka majivu.

Kwa kuwa hawakufanyiwa ibada za mazishi, roho zao hazikupata mahali pa kupumzika. Ilielezwa kwamba ni maji ya Ganga pekee, mto uliokuwa ukitiririka mbinguni, ambayo yangeweza kuwakomboa. Vizazi vikapita pasipo mafanikio, mpaka ilipofika zamu ya Bhagiratha, kilembwe wa Sagara.

Bhagiratha alikiacha kiti cha enzi, akaenda Himalaya kujinyima na kuomba. Brahma, mungu muumbaji, alilikubali ombi lake, lakini ikahofiwa kuwa kishindo cha maji hayo kingeipasua dunia. Ndipo Shiva alipojitolea kuyapokea kichwani mwake. Aliyanasa katika nywele zake zilizosokotana, kisha akayaachia kidogo kidogo. Bhagiratha akatangulia, mto ukamfuata nyuma hadi baharini.

Wahindu wanaamini kuwa tukio hilo lilitokea Gangotri, katika jimbo la Uttarakhand, ambako hekalu la Mama Ganga limesimama zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hekalu hilo hufunguliwa kati ya Aprili na Mei na kufungwa majira ya sikukuu ya Diwali. Wakati wa baridi kali, sanamu ya mungu huyo wa kike huteremshwa hadi kijiji cha Mukhba.

Juu zaidi ya hapo ipo Gaumukh, maana yake kinywa cha ng'ombe, ambapo maji hububujika kutoka chini ya barafu. Hadi hapo mto bado huitwa Bhagirathi, kwa heshima ya mfalme aliyeuomba. Jina la Ganga huanza kutumika Devprayag, unapokutana na mto Alaknanda.

Matone manne ya uzima

Mto huiacha milima na kuingia nchi tambarare katika mji wa Haridwar. Hapo ipo sehemu iitwayo Har ki Pauri, ambapo huaminiwa kuwa Vishnu aliacha alama ya unyayo wake kwenye jiwe. Kila jioni makuhani huinua taa kubwa za moto kuuelekea mto, na mahujaji huelekeza majini vikombe vya majani vyenye maua na utambi unaowaka.

Haridwar ni mojawapo ya miji minne inayopokezana mkusanyiko mkuu wa Kumbh Mela. Neno kumbh maana yake ni mtungi, na hekaya yake huanzia baharini. Miungu na majitu walikubaliana kuipekecha bahari ili kupata kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ulitumika kama upekecho, na nyoka Vasuki akawa kamba, upande mmoja ukivuta na mwingine ukilegeza.

Kilichotoka kwanza kilikuwa sumu kali. Shiva aliinywa ili kuuokoa ulimwengu, na koo lake likageuka rangi ya buluu. Hatimaye mtungi wa kinywaji hicho ulipojitokeza, pande mbili ziligombana kwa siku 12 za kimungu, ambazo kwa binadamu ni miaka 12. Katika purukushani hiyo matone yalidondoka Haridwar, Prayag, Nashik na Ujjain.

Ndiyo sababu kila mji kati ya hiyo hupata zamu yake kwa mzunguko wa takriban miaka 12, kwa kufuata mkao wa jua, mwezi na sayari ya Mshtarii. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mkusanyiko huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Miji miwili kati ya minne haiko kando ya Ganga. Nashik uko kwenye mto Godavari, ambao hekaya husema ulishushwa na Shiva kwa maombi ya mtawa Gautama, aliyetaka kujitakasa baada ya kusababisha kifo cha ng'ombe bila kukusudia. Kwa sababu hiyo Godavari huitwa Ganga ya Kusini. Ujjain nao uko kwenye mto Shipra, ambao umepungua kiasi kwamba mwaka 2014 ulizinduliwa mradi wa kuuongezea maji kutoka mto Narmada, na maji hayo yakatumika katika mkusanyiko wa mwaka 2016.

Prayag, mfalme wa vituo vya hija

Mji unaopewa heshima kubwa kuliko yote minne ni Prayagraj, uliojulikana kwa karne kadhaa kama Allahabad kabla ya jina lake kubadilishwa mwaka 2018. Hapo Ganga hukutana na mto Yamuna. Wahindu huamini kuwa mto wa tatu, Saraswati, huungana nayo kwa chini pasipo kuonekana. Mito inayoonekana hutofautiana rangi, na mahujaji hupelekwa kwa mashua hadi kwenye mstari inapogusana.

Mahali hapo pana historia ndefu. Katika karne ya 7, msafiri wa Kichina Xuanzang aliandika jinsi mfalme Harsha alivyogawa mali zake kwa watu waliokusanyika kwenye makutano hayo. Wanahistoria kadhaa, hata hivyo, wanaona kwamba mkusanyiko wa Prayag ulianza kuitwa Kumbh katika karne ya 19, ingawa desturi ya kuoga hapo ni ya kale zaidi.

Ni hapo pia ambapo majivu ya Mahatma Gandhi yalimwagwa Februari 12, 1948. Sehemu ya majivu hayo ililetwa Afrika Mashariki na kumwagwa mwaka huo huo katika chanzo cha mto Nile huko Jinja, Uganda, ambako leo ipo sanamu ya ukumbusho wake.

Imani inayokusanya umati mkubwa kiasi hicho imekuwa pia na gharama yake. Februari 3, 1954, mamia ya mahujaji walikufa kwa kukanyagana kwenye makutano hayo. Katika mkusanyiko wa Januari na Februari 2025, ambao serikali ilisema ulihudhuriwa na zaidi ya watu milioni 600, mkanyagano wa alfajiri ya Januari 29 uliua watu wasiopungua 30, kwa mujibu wa taarifa ya polisi.

Varanasi, mahali pa kufia

Chini zaidi ya Prayagraj upo Varanasi, uitwao pia Kashi, mji wa Shiva. Una ngazi za mtoni zaidi ya 80. Mbili kati yake, Manikarnika na Harishchandra, ni mahali pa kuchomea maiti, na moto wake huwaka mchana na usiku.

Jina Manikarnika hutokana na kito cha sikio ambacho hekaya husema kilidondoka kutoka kwa Shiva katika kisima kilichochimbwa na Vishnu. Inaaminiwa kuwa anayefia Kashi hunong'onezwa na Shiva maneno ya kuvukia, na hivyo huepukana na mzunguko wa kuzaliwa upya. Kwa ajili hiyo, wazee na wagonjwa wamekuwa wakihamia mji huo kusubiri siku yao ya mwisho.

Harishchandra alikuwa mfalme aliyepoteza ufalme kwa kutovunja ahadi, akaishia kuwa mtumwa wa kutoza ada ya kuchomea maiti. Siku moja mwanamke alifika na maiti ya mtoto bila fedha ya kulipa. Alikuwa mkewe, na mtoto alikuwa wao. Hata hapo mfalme hakuvunja kanuni ya kazi yake, na miungu, kwa kuona uaminifu huo, ikamrejeshea mtoto na ufalme.

Safari ya mto huishia katika kisiwa cha Sagar, jimbo la West Bengal, ambapo hekaya husema Ganga iliyafikia majivu ya wale 60,000 na kuwakomboa. Katikati ya Januari kila mwaka mahujaji huoga hapo na kuzuru hekalu la Kapila. Mahekalu yaliyotangulia yalimezwa na bahari, na mmomonyoko wa pwani bado unatishia lililopo.

Mama anapougua

Wakati hekaya zikisema mto huo huosha kila dhambi, maji yake hupokea taka za bonde linalokaliwa na zaidi ya watu milioni 400. Maji taka ya miji ndicho chanzo kikuu cha uchafuzi. Aidha, kuna taka za viwanda, vikiwamo vya ngozi huko Kanpur, na mabwawa ya umeme na mifereji ya umwagiliaji hupunguza kasi na wingi wa maji.

Mwaka 1986 serikali ya Rajiv Gandhi ilizindua mpango wa kwanza wa kuusafisha, lakini uchafuzi uliendelea. Mwaka 2014 ulizinduliwa mpango mwingine, Namami Gange, uliotengewa rupia bilioni 200, ambao umejenga mitambo mingi ya kusafisha maji taka. Machi 2017 Mahakama Kuu ya Uttarakhand ilitamka kuwa Ganga na Yamuna zina haki za mtu kisheria, lakini Julai mwaka huo Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi huo.

Oktoba 2018, G. D. Agrawal, mhandisi wa mazingira aliyekuwa amejiunga na utawa, alifariki dunia baada ya kufunga kwa zaidi ya siku 100 akidai mto uachwe utiririke bila kuzuiwa na mabwawa. Februari 2025, katikati ya mkusanyiko wa Prayagraj, bodi kuu ya kudhibiti uchafuzi iliripoti kuwa bakteria wa kinyesi walizidi kiwango cha maji ya kuogea katika maeneo kadhaa. Serikali ya jimbo ilipinga, na ripoti ya baadaye ya bodi hiyo hiyo ikasema maji yalifaa.

Ugumu wa mjadala huo unatokana na imani yenyewe, kwani waumini wengi hushikilia kuwa Mama Ganga hawezi kuchafuka. Kiswahili kimelitoa neno "takatifu" katika "takata", yaani kuwa safi, lakini mtoni mambo hayo mawili yamekwenda njia tofauti.

Mtu aliyejaribu kuyakutanisha ni Veer Bhadra Mishra wa Varanasi, aliyekuwa kuhani mkuu wa hekalu la Sankat Mochan na pia profesa wa uhandisi. Kila asubuhi alioga mtoni kama muumini, na taasisi aliyoianzisha mwaka 1982 ilipima maji hayo hayo katika maabara. Alifariki dunia mwaka 2013 pasipo kuuona mto ukiwa safi.

Hekaya yenyewe haimfichi msikilizaji kuwa kazi hiyo ni ndefu. Kabla ya Bhagiratha, babu yake na baba yake walijaribu kuushusha mto huo, wakafa bila kufanikiwa.