Mtihani Upi Mgumu Zaidi?

Siku moja ya mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, wajukuu wangu wawili walikuwa wakibishana barazani. Mmoja alishikilia kwamba hakuna askari duniani wanaopita mahali pagumu kama makomandoo wa SAS wa Uingereza. Mwenziwe akasema hao si kitu mbele ya SEAL, askari wa jeshi la majini la Marekani. Ubishi ulipokosa mshindi wakanigeukia mimi. "Babu, wewe umesahihisha mitihani miaka mingi. Tuamulie."

Nilidhani ni swali la dakika mbili. Kumbe lilinikalia kichwani miezi kadhaa, nikawa nasoma usiku hadi mama wa nyumba hii akauliza kama nataka kwenda kuandikishwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo vijana wale waliyachanganya, yaani mafunzo na mchujo. Mafunzo humchukua mtu asiyejua yakamfanya ajue. Mchujo haumfundishi mtu kitu. Hutazama alicho nacho tayari, ukamkubali au ukamrudisha alikotoka. Mimi nilipita Jeshi la Kujenga Taifa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama vijana wengine wa rika langu. Tulikimbia mchakamchaka alfajiri, tukalima, tukapiga kwata juani. Lakini hakuna aliyekusudia kutuchuja. Yalikuwa ni mafunzo, na aliyechelewa kujua kugeuka kulia alifundishwa tena mpaka akajua.

Mfano mzuri wa mafunzo makali ni Achnacarry, huko milimani Scotland, ambako tangu mwaka 1942 makomandoo wa Vita Kuu ya Pili walifundishwa chini ya Luteni Kanali Charles Vaughan. Kuruta akishuka garimoshi katika kituo cha Spean Bridge alitembea na mzigo wake kilomita 11 hivi hadi kambini, na langoni alikuta safu ya makaburi, kila moja likiwa na maandishi ya kosa lililomuua mwenye nalo. Makaburi hayo hayakuwa na mtu ndani. Mwalimu yeyote atatambua upesi kwamba zile zilikuwa zana za kufundishia. Askari zaidi ya 25,000 walipita pale kabla vita havijakwisha. Walioshindwa walirudishwa vikosini kwao, lakini nia ya mahali pale ilikuwa kupata makomandoo, si kuwapunguza.

Sasa tuje kwenye mchujo wenyewe. SAS ilianzishwa na David Stirling mwaka 1941 katika vita vya jangwani Afrika ya Kaskazini. Baada ya vita ikavunjwa, kisha mwaka 1950 kikaundwa kikosi cha kupigana katika misitu ya Malaya. Kikosi kile kilikusanywa haraka, na miongoni mwa waliojitolea walikuwamo walevi na watukutu ambao wakuu wao walifurahi kuachana nao. Ndipo mwaka 1952 Meja John Woodhouse alipopewa kazi ya kutengeneza mchujo. Alijua anamtafuta nani. Anamtafuta mtu atakayekaa msituni majuma mengi na wenzake watatu tu, mbali na amri ya mtu yeyote, asipotee wala asikate tamaa.

Kwa hiyo mtihani ule uko milimani Wales, katika eneo la Brecon Beacons, ambako kilele kirefu, Pen y Fan, kina mita 886. Sisi tuliozoea kusikia habari za Kilimanjaro tutacheka. Lakini mvua, upepo na ukungu wa kule vimeua watu. Mtahiniwa hubeba shanta na bunduki, akapewa ramani na dira, akaonyeshwa mahali pa kufika. Huenda peke yake. Mwendo wa mwisho ni wa kilomita 64, na mzigo mgongoni wa kilo 25 au zaidi, kwa muda wa saa 20. Lililonishangaza si kilomita hizo. Ni kwamba wakufunzi hawapigi kelele. Hawamtukani mtu wala kumsifu. Mtahiniwa akifika kituoni huonyesha alipo katika ramani, hupewa mahali pengine pa kwenda, basi. Akitaka kuacha, hakuna atakayemsihi abaki.

Wamarekani walianza na shida nyingine. Mwaka 1943 walihitaji watu wa kulipua vizuizi ambavyo Wajerumani walivitega kwenye fukwe za Ulaya, na muda ulikuwa mfupi. Ofisa mmoja wa majini, Draper Kauffman, aliyekuwa mtaalamu wa kutegua mabomu, alifungua mafunzo huko Fort Pierce, Florida. Mazoezi ya mwili yaliyokuwa ya majuma manane aliyasonga yakawa ya juma moja, ili wasiofaa waonekane mapema kabla hawajapotezewa wakati. Naye mwenyewe akaingia majini pamoja na wanafunzi wake, jambo ambalo laiti wakaguzi wa shule wangeliiga. Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Tarehe 6 Juni 1944, kati ya walipuaji waliotua ufuko wa Omaha, zaidi ya nusu waliuawa au kujeruhiwa.

Juma hilo ndilo lililokuja kuitwa Wiki ya Jehanamu, na SEAL walipoundwa mwaka 1962 walilirithi. Hufanyika Coronado, California, tangu Jumapili jioni hadi Ijumaa. Kwa siku zote hizo vijana hulala jumla ya saa nne hivi. Hulazwa kwenye mawimbi ya baridi mpaka meno yagongane, hubeba mashua za mpira vichwani, huinua magogo, na wakufunzi huwafokea bila kupumzika. Karibu nao ipo kengele. Aliyechoka huigonga mara tatu, akaweka kofia yake chini, akaenda kuoga maji ya moto. Wengi huigonga; kuna madarasa ambayo hubaki robo tu.

Basi, msomaji, wewe ungeamuaje? Wajukuu wangu walitaka kuhesabu walioshindwa kama tunavyohesabu mabao. Lakini Wamarekani hao hao, wakati wa vita ile ile, waliwahi kutunga jaribio ambalo halikumalizwa na yeyote. Idara yao ya upelelezi iliwapima watu katika shamba moja huko Fairfax, Virginia, kila mmoja akiwa na jina la bandia ili cheo na elimu yake visijulikane. Mtahiniwa alipewa miti na vipande vya mbao, akaambiwa ajenge kiunzi kikubwa katika dakika 10, akiwa na wasaidizi wawili. Hakujua kwamba wasaidizi hao walikuwa miongoni mwa watahini. Mmoja alikuwa goigoi, mwingine mjuaji mwenye dharau, na kazi yao ilikuwa kumharibia. Walishindwa wote. Kiunzi hakikuwa na maana. Watahini walikuwa wakitazama hasira ya mtu na namna anavyoitawala. Kwa hesabu ya walioshindwa, huo ndio mgumu kuliko yote, nao ulikwisha kabla chai haijapoa.

Kwa maoni yangu kengele na mlima haviulizi swali moja. Kengele humwuliza mtu kama atavumilia mateso akiwa na wenzake, wakati raha iko hatua kumi kutoka alipo. Mlima humwuliza kama atajisukuma pale ambapo hakuna anayemwona. Yupo atakayeshinda huku akashindwa kule. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema kimya kinaniogopesha kuliko makelele.

Tena kimya hicho kina gharama. Tarehe 19 Julai 1972, huko Mirbat, katika jimbo la Dhofar nchini Oman, askari tisa wa SAS na Waomani wachache waliokuwa pamoja nao walishambuliwa na wapiganaji zaidi ya 200. Sajini Talaiasi Labalaba, mwenyeji wa Fiji, aliuendesha mzinga karibu peke yake hadi alipouawa. Mkuu wao, Kapteni Mike Kealy, alivuka uwanja mtupu chini ya risasi kuufikia mzinga ule, na baadaye akapewa nishani. Mtu huyo, akiwa sasa meja mwenye umri wa miaka 33, aliporudi kikosini baada ya kazi nyingine alikwenda milimani Wales kutembea pamoja na watahiniwa, ili aone kama bado anaweza. Ilikuwa Februari 1979. Baridi ilimwua njiani. Aliyekwisha kufaulu mbele ya risasi alikufa katika jaribio.

Julai 2013 likawa joto. Askari wa akiba watatu walikufa kutokana na mwendo wa kilomita 26 katika milima ile ile. Walikuwa wamebeba vyombo vya kuonyesha mahali walipo, na vyombo vilionyesha kwamba wamesimama. Mwaka 2015 ofisa aliyechunguza vifo vyao alitamka kwamba uzembe ulichangia. Coronado nako, Februari 2022, kijana mmoja alikufa saa chache tu baada ya kuimaliza Wiki ya Jehanamu. Alikuwa amefaulu.

Hapa ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma kama mtazamaji. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha kabla sijawa mkuu, mimi ndiye niliyeogopwa katika mazoezi ya kufundisha. Niliingia darasani, nikaketi nyuma, sikutabasamu, sikutikisa kichwa. Niliona huo ndio uadilifu. Waliofaulu kwangu hawakufika nusu, nami niliisema hesabu hiyo kwa majivuno mbele ya wakufunzi wenzangu. Mwanachuo mmoja alisimama mbele ya watoto wa darasa la nne kufundisha sehemu, akaniona, chaki ikamtetemeka mkononi. Alisahau somo lote. Nilimwandikia alama ya kushindwa, na muhula uliofuata hakurudi.

Nilimkuta miaka kumi na minane baadaye, katika mji mdogo nilikoshuka basi lilipoharibika. Alikuwa na chumba cha ushonaji chenye cherehani nne. Alinitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo, mwalimu," akasema, akanifutia kiti kwa kitambaa. Nilikaa pale zaidi ya saa moja. Alikuwa akimfundisha binti mmoja kukata kola, na binti alikosea mara tatu. Kila mara aliichukua chaki, akachora upya juu ya gazeti kuukuu, robo, nusu, robo tatu, akamwachia mkasi, akageuza uso dirishani ili binti asione kwamba anatazamwa.