SAFU YA LUGHA: Pole na samahani

Siku hizi mtu humkanyaga mwenzake ndani ya daladala, akasema "pole", basi, amemaliza. Hapana. Mkosaji huomba "samahani", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, la kutaka kusamehewa. "Pole" ni la Kibantu, ndugu wa "upole" na "poa". Ndiyo maana anayepewa hujibu, "Nimeshapoa". Nalo halingoji uwe na hatia: pole na kazi, pole na safari, poleni na msiba. Husemi umekosa, unasema umeuona uzito aliobeba mwenzako, hata kama humjui. Wala si sawa na "huruma". Huruma yaweza kukaa moyoni kimya, pole sharti itamkwe. Ukimkanyaga mtu, mpe maneno yote mawili, samahani kwanza.