Ngoma za Kifaransa za Mashariki mwa Kuba

Uasi wa watumwa uliozuka Agosti 1791 huko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililopata uhuru mwaka 1804 na kuitwa Haiti, uliwafanya maelfu ya walowezi wakimbilie mashariki mwa Kuba, hasa Santiago de Cuba na Guantánamo, pamoja na watumwa wao na watu huru wenye asili ya Afrika. Walowezi walifungua mashamba ya kahawa milimani, na kumbini mwao wakaendeleza kontradansa, yaani dansi ambayo jozi za wachezaji hutazamana na kufuata hatua zilizopangwa tangu awali.

Dansi hiyo ilikuwa ya mabwana, lakini wapigaji wengi wa ala walikuwa watu weusi, na mikononi mwao ikajengeka juu ya sinkiyo, mfululizo wa mapigo matano, marefu kwa mafupi, ambao ndio uliokuja kuitambulisha miondoko ya Kikuba.

Watumwa nao waliunda ngoma yao, tumba francesa, ambayo ndani yake mwimbaji kiongozi hutunga na kuanzisha wimbo kwa Krioli, lugha iliyotokana na Kifaransa, kisha wanawake humwitikia, huku ngoma kubwa zikijibizana na catá, gogo lenye uwazi linalopigwa kwa vijiti. Katika mchezo uitwao masón, jozi huzunguka kwa madaha ya kumbi za Kifaransa. Katika yubá, mchezaji hushindana na mpiga ngoma kwa ufundi. Baada ya utumwa kufutwa Kuba mwaka 1886, vyama vya tumba viliendelea kuwa mahali pa kusaidiana na kutunza urithi, na mwaka 2003 UNESCO iliitambua sanaa hiyo kuwa urithi wa binadamu.

Mkondo wa kontradansa ulirudi pia Ulaya, kwa kuwa kontradansa ya Kuba ilizaa habanera, aina ya wimbo wa mwendo wa taratibu; Mhispania Sebastián Yradier alitunga wimbo mmoja wa aina hiyo, na Georges Bizet akautumia utunzi huo katika opera ya Carmen, iliyooneshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1875. Nchini Kuba kwenyewe, mwanamuziki Miguel Faílde alipiga danzón yake, dansi iliyotokana na kontradansa, mjini Matanzas tarehe 1 Januari 1879, na baadaye bendi za filimbi, fidla na piano zilizopiga muziki huo zikaitwa charanga francesa.

Kwa hiyo, si sahihi kuuona muziki huu kama zawadi ya Ufaransa iliyopokewa na Wakuba. Ufaransa ilichangia umbo la dansi na sehemu ya lugha, ila waliolipa umbo hilo mapigo, majibizano na uhai wa kudumu ni Waafrika na wazao wao, ambao historia inapaswa kuwataja kwanza.