Umri Mrefu ni Amana: Maisha ya Mzee Ali Hassan Mwinyi

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mwenye kugawa umri kama agawavyo riziki, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Mtume wetu alitufunza kwamba mbora wa watu ni yule aliyerefushiwa umri na matendo yake yakawa mema, na mbaya wao ni yule aliyerefushiwa umri na matendo yake yakawa maovu. Basi wingi wa miaka peke yake si sifa, kwani hata mbuyu huishi miaka mingi. Sifa ni yale yaliyotendwa ndani ya miaka hiyo.

Watu wa Kamunyonge, kata ya mji wa Musoma kandokando ya ziwa, ni majirani wa Butiama. Wanaijua huzuni ya kumzika mzee mkubwa, kwa kuwa ni mkoani kwao, mwezi wa Oktoba 1999, ndiko alikorudishwa Mwalimu Julius Nyerere kuzikwa. Miaka 24 baadaye, tarehe 29 Februari 2024, alifariki Dar es Salaam yule aliyeipokea nchi kutoka mikononi mwa Mwalimu: Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa na miaka 98, na kwa hesabu yetu ya miezi miandamo alikuwa akikaribia kutimiza miaka 102. Tarehe 2 Machi alizikwa Mangapwani, Unguja. Huyu alikuwa baba na babu wa watu wengi, na katika maisha yake mna mafunzo kwa kila nyumba yenye mzee na yenye kijana.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 katika kijiji cha Kivure, upande wa Mkuranga, bara. Angali mdogo alivushwa bahari akapelekwa Mangapwani ili apate elimu, ya dini na ya skuli. Wazazi wetu wa zamani walikuwa hivyo: mtoto wampendaye sana ndiye waliyekubali kumtoa mikononi mwao, aende akakae chini ya mwalimu. Alisoma Mangapwani, kisha Dole, kisha akaingia chuo cha ualimu. Mwaka 1945 alirudi Mangapwani, naye sasa ndiye aliyeshika chaki mbele ya watoto, katika skuli ile ile aliyoanzia mwenyewe.

Tusiipite kazi hiyo kwa haraka. Miaka mingi ya ujana wake aliimaliza katika ualimu, kazi isiyo na mali wala kelele. Akaenda Uingereza kuongeza elimu, akarudi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akawa mkuu wa chuo cha ualimu Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu. Mwaka 1970 ndipo alipoingia katika Serikali ya Muungano, akawa waziri, akapewa Afya mwaka 1972, na Mambo ya Ndani mwaka 1975. Alipanda ngazi kipandio kwa kipandio, hakuruka.

Sasa tufike kwenye lile ambalo kwa maoni yetu ndilo lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa tuhuma za mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao walikufa. Waziri hakuwako mahali hapo, wala hakuamuru mtu ateswe. Angeweza kusema, "Hayo ni ya walio chini yangu." Hakusema. Mwezi wa Januari 1977 aliandika barua ya kujiuzulu, akaacha uwaziri, gari na heshima zake, kwa kuwa waliotenda walikuwa watu wa wizara yake.

Ndugu zangu, tumefunzwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Maneno haya huyasikia kila Ijumaa aliyekaa msikitini, lakini ni wangapi huyatia katika vitendo siku inapokuja zamu yao ya kuulizwa? Baba humsingizia mama, mama humsingizia mtoto, na mkubwa wa kazi humsingizia karani. Mzee huyu hakungoja kuulizwa na mtu. Alijiuliza mwenyewe, akajihukumu mwenyewe.

Je, alipotea? Mwaka huo huo alipelekwa Misri kuwa balozi. Akarejea, akawa waziri tena. Mwezi wa Januari 1984 Zanzibar ilipotikisika, alipewa kuiongoza, na tarehe 5 Novemba 1985 akawa Rais wa pili wa Tanzania. Aliyekiacha cheo kwa ajili ya haki, alirudishiwa kikubwa zaidi.

Aliikuta nchi katika dhiki. Maduka yalikuwa matupu, na sabuni na sukari vilitafutwa kwa foleni. Akafungua milango ya biashara, watu wakamwita Mzee Ruksa. Mwaka 1992 ukarudishwa mfumo wa vyama vingi. Si wote waliofurahi. Wako waliosema milango imefunguliwa kupita kiasi na rushwa imepita humo humo, na Mwalimu mwenyewe aliilaumu serikali ile waziwazi kwa maandishi. Mzee aliyasikia hayo, hakumfanya aliyemlaumu kuwa adui. Mwaka 1995 muda wake ulikwisha, akaondoka kwa salama.

Mwezi wa Machi 2009, katika baraza la Maulidi pale Diamond Jubilee, Dar es Salaam, kijana mmoja alimwendea akiwa anahutubia, akampiga kofi usoni. Mzee alikuwa na miaka 83. Kijana alipoondolewa, Mzee aliendelea na hotuba yake. Subira ya namna hii haipatikani kwa siku moja. Ni matunda ya mti uliopandwa zamani. Na tarehe 8 Mei 2021, siku aliyotimiza miaka 96, kilizinduliwa kitabu alichoandika juu ya safari ya maisha yake, kwa Kiswahili alichokipenda.

Basi enyi vijana, mkiwa na babu nyumbani, awe wa Mkuranga, wa Mangapwani au wa Kamunyonge, kaeni naye kabla hajaondoka. Msimuulize alipata nini, muulizeni aliacha nini kwa ajili ya haki. Nasi wazee tujitazame: wajukuu wakituuliza swali hilo, tuna la kujibu?

Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee wetu, amsamehe makosa yake, na atujaalie sisi umri wenye amali njema. Amin.