Mkono wa Gia wa Land Rover ya Shule

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Kila tunapokutana, hadithi ya Mzee Dereva kulitia mtaroni gari la shule huzuka tena, na vicheko hufuata. Hapana budi niiweke sawa, kwa kuwa nilikuwapo.

Gari lile lilikuwa Land Rover Series II, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958. Gia zake mbili za chini hazikuwa na sinkromeshi, yaani vile vipete vinavyolinganisha mwendo wa meno kabla hayajaumana. Cadillac ya Marekani ilikianza kifaa hicho mwaka 1928, lakini Land Rover haikukiweka kwenye gia zote nne za mbele hadi Series III ya mwaka 1971. Kabla ya hapo dereva alitegemea ufundi wa kale, wa tangu Levassor wa Ufaransa alipofunga gia za kuteleza nyuma ya injini ya mbele mwaka 1891: kuisikiliza injini, na kukanyaga klachi mara mbili. Mzee aliujua ufundi huo barabara.

Mwaka 1997, nikiwa kidato cha tatu, injini ya petroli ilichoka. Shule ikanunua injini ya dizeli ya Toyota iliyokwisha kutumika, pamoja na gia boksi yake ya gia tano. Ugumu wa kazi hiyo ni kwamba gia boksi ngeni hutokeza mkono wake mahali pengine, si kwenye tundu la zamani. Fundi alitoboa sakafu upya, akafupisha propela shafti, akaukunja mkono kwa moto usigonge kiti. Gari likawaka, akalipwa, akaenda zake.

Siku ya tatu, kwenye mteremko wa mtoni, gia ya tatu ilichomoka na gari likaishia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Tukasema mzee amezoea gia nne, hizi tano zimemshinda. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema. Akaondolewa kwenye usukani, akapewa ulinzi wa lango.

Wiki chache baadaye mwalimu wetu wa ufundi alituagiza tufunue mpira wa sakafuni. Mkono ulikuwa ukigota ukingo wa mbele wa tundu kabla gia ya tatu haijaingia yote. Meno yalishikana nusu tu. Mteremko ulipolisukuma gari, yakaachana. Tulikata ukingo sentimita 2 kwa msumeno wa chuma. Gia haikuchomoka tena.

Lakini mzee hakurudishwa, wala hakuna kati yetu aliyemwendea. Aliendelea kutufungulia lango mpaka tukamaliza shule.

Leo, katika utumishi wangu, faili la kumwajibisha mtu linapofika mezani, huuliza kwanza kama vifaa alivyopewa vilikaguliwa. Mzee ametutangulia mbele ya haki. Mwaka huu tukikutana, naomba hadithi yake isimuliwe hivi.