Kipoyi, Reli na Pikipiki: Njia ya Wagonjwa wa Fungurume

Kapteni Lucien Bia alifia Ntenke tarehe 30 Agosti 1892. Alikuwa Mbelgiji, mkuu wa msafara uliotumwa kuitwaa Katanga, kusini mashariki mwa Kongo ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Ndani ya msafara huo alikuwemo Jules Cornet, bingwa wa miamba ambaye ripoti zake ziliitangazia dunia utajiri wa shaba wa nchi hii. Alikuwemo pia daktari, Paul Amerlinck. Kwa hiyo Bia hakukosa daktari, wala hakukosa watu wa kumbeba. Alichokosa ni mahali pa kupelekwa, kwa maana hospitali ya karibu ilikuwa mbali kwa miezi ya kutembea. Jina la Ntenke ndilo limebaki katika Tenke ya leo, mji wa reli jirani na Fungurume.

Nimeifuata njia ya zamani kutoka Bunkeya, kupita Fungurume na Tenke, kuelekea Kolwezi, nikiwa na swali moja: mtu akiumia au akizidiwa hapa, nani humbeba? Historia ya Katanga imeandikwa mara nyingi kwa kufuata shaba. Mimi nimependa kuifuata kwa nyayo za wagonjwa na za wale waliowabeba.

Tuanzie Bunkeya, makao makuu ya Msiri, mfalme wa Wayeke. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Omer Bodson wa msafara wa William Stairs, uliotumwa pia kwa niaba ya Leopold, alimpiga Msiri risasi akamuua, naye akapigwa risasi na watu wa Msiri akafa siku hiyohiyo. Daktari wa msafara, Joseph Moloney, alikuwepo, lakini jeraha la Bodson lilikuwa limemshinda. Stairs mwenyewe aliugua homa, akasafirishwa amelala kwenye machela akibebwa mabegani mwa watu, akafia Chinde, kwenye mlango wa mto Zambezi, mwezi Juni 1892, kabla hajapanda meli ya kurudi kwao.

Waliombeba walikuwa wapagazi waliotoka Zanzibar na pwani, zaidi ya 300 walioondoka pamoja naye mwaka 1891. Bunkeya ilikuwa na njaa kali wakati ule, kwa sababu vita vya Wasanga dhidi ya Msiri vilikuwa vimewatoa watu mashambani. Wapagazi walikula mizizi na majani, wakaharisha, wakalala njiani. Mzungu akiugua alipata watu wa kumbeba kwa zamu. Mpagazi akiugua, mzigo wake ulihamishiwa kichwa cha mwenzake, na yeye akajikokota nyuma mpaka pale nguvu zilipomwishia. Wengi wao hawakuiona tena pwani, na vitabu vya msafara huwataja kwa hesabu tu.

Miaka iliyofuata, machela ile ikawa kipoyi cha mkubwa wa serikali. Mtu mzima, mwenye afya na viatu miguuni, alikalia kiti kilichofungwa kwenye miti miwili, wakulima wanne wakambeba kutoka kijiji hadi kijiji. Wazee wa Katanga walikua wakisikia habari za kipoyi kama habari za kiboko. Lakini watu walikitwaa chombo hicho wakakipa kazi nyingine. Mpaka leo, katika vijiji ambavyo gari halifiki, mama mwenye uchungu uliopitiliza hutolewa kwa miti miwili na blanketi.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Miti hukatwa mirefu kiasi cha wabebaji wanne kupumua, blanketi huzungushwa na kukazwa lisije likateleza, na kitenge hupitishwa kifuani mwa mgonjwa. Kwenye mteremko miguu hutangulia. Kwenye mlima kichwa hutangulia, ili damu isimshukie mgonjwa kichwani. Wabebaji hupokezana bila kusimama: anayechoka husogea pembeni, mwingine huingiza bega lake chini ya mti kabla la kwanza halijatoka. Nyuma hufuata wanawake na maji, nguo za mtoto na chakula cha hospitali. Hakuna anayelipwa. Wanajua kwamba zamu yao itafika.

Mahali ambapo desturi hii imepangwa vizuri sana ni Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kwenye milima ya Kabale. Huko kuna vyama vya engozi, yaani vyama vya machela. Kila nyumba ni mwanachama, kila mtu mwenye nguvu ana wajibu wa kubeba, na asiyetokea bila sababu hutozwa faini. Vyama hivyo vimekuwa pia mifuko ya kukopeshana na kuzikana. Hospitali ya jamii ya Bwindi ilipotaka kuanzisha bima ya afya, ilipitia kwenye vyama hivyo, kwa sababu watu walikwisha kuzoea kuaminiana ndani yake. Mfano wa Kigezi unaonyesha kwamba kujitolea kunaweza kudumu vizazi kwa vizazi endapo kuna orodha, zamu na mfuko wa pamoja.

Turudi Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka huohuo ikaundwa kampuni ya reli, BCK. Reli iliingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913, ikapita Fungurume na Tenke na kufika Bukama mwaka 1918. Mwaka 1931 tawi la kutoka Tenke lilipita Kolwezi hadi Dilolo, likaungana na reli ya Benguela inayoishia bandari ya Lobito. Katika miaka isiyozidi 25 tangu kampuni hizo ziundwe, njia iliyotembewa kwa miezi ikawa ya siku chache.

Hospitali zikafuata reli, na zilikuwa hospitali za kweli. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliamua kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na familia zao, maana kila mara kuleta watu wapya mahali pa waliokufa au kutoroka kulikuwa hasara. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa waliojenga mpango huo: zahanati za akina mama, upimaji wa watoto, vitanda vya wagonjwa. Lakini mlango wa hospitali ulifunguliwa kwa namba ya kazi. Mchimbaji wa kampuni aliyevunjika mguu alifika kwa daktari upesi. Mkulima wa Kisanga aliyeumwa na nyoka upande wa pili wa uzio aliendelea kutegemea kipoyi na misheni. Wamisheni waliziba sehemu ya pengo hilo. Arthur Piper, daktari wa Kimethodisti, alianza kazi Kapanga, magharibi kabisa, mwaka 1914. Katika masafa kama hayo, baadaye ndege ndogo za Wamethodisti zilianza kuwatoa wagonjwa kwenye viwanja vya nyasi.

Wazo la ndege ya tabibu lilikuwa limejaribiwa Australia, ambako mchungaji John Flynn alianzisha huduma yake Cloncurry mwaka 1928. Afrika Mashariki ililipokea mwaka 1957, pale madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha shirika la madaktari wa kuruka ambalo sasa ni Amref. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa sana. Hata hivyo ndege huanza safari baada ya mtu kupiga simu, na huokoa yule ambaye mtu mwingine amekwisha kumzuia asife kwa saa ile ya kwanza.

Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilibeba hospitali zile kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwezi Mei 1978 Kolwezi ilivamiwa na wapiganaji waliotokea Angola. Askari wa miavuli wa Kifaransa walitua tarehe 19, Wabelgiji siku iliyofuata, na ndege zikawatoa maelfu ya Wazungu. Raia wengi wa Kolwezi walibaki kuzika wafu na kuosha vidonda vyao wenyewe. Mwaka 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakatika. Hospitali zikakosa dawa na magari, wafanyakazi wa jana wakashika sururu na kuingia mashimoni kama wachimbaji wa mikono.

Migodi mikubwa ilirudi. Mgodi wa Tenke Fungurume, ulioachwa mwaka 1976 kwa sababu ya bei ya shaba na vita vya Angola, ulianza kuzalisha mwaka 2009. Fungurume iliyokuwa kituo kidogo cha reli ikafurika watu. Leo ina eneo lake la afya na hospitali yake kuu ya rufaa, lakini barabara ya Likasi hadi Kolwezi inayoukata mji imebeba zaidi ya ilivyopangiwa: malori ya tindikali ya salfa, ya chokaa, ya haidroksaidi ya kobalti yanayoelekea Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, na katikati yake mabasi madogo, pikipiki na watoto wa shule.

Tarehe 20 Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe kwenye barabara hiyo, lori la tindikali liligongana na basi dogo. Tindikali iliwamwagikia abiria, na watu wasiopungua 18 wakafa. Fikiria kazi ya jirani anayekimbilia ajali ya namna hiyo. Tindikali ya salfa humchoma anayeokoa kama inavyomchoma anayeokolewa. Kinachohitajika kwanza ni maji, mengi, yanayomiminwa kwa dakika ishirini au zaidi, na mtu aliyefundishwa kutosogea bila glavu na buti. Miezi minne baadaye, tarehe 27 Juni, kingo za mgodi wa KOV huko Kolwezi ziliporomokea wachimbaji wa mikono. Serikali ya jimbo ilihesabu maiti 43.

Reli nayo imeendelea kuua. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke ilianguka Buyofwe, katika wilaya ya Lubudi, mabehewa yakatumbukia korongoni. Ndani walikuwemo mamia ya watu, kwa kuwa treni za abiria ni chache na barabara ni mbovu. Waliokufa walihesabiwa 60, baadaye 75, na majeruhi wakazidi mia. Katika wilaya hiyohiyo, Novemba 2017, treni ya mafuta ilikuwa imeua watu zaidi ya 30. Katika ajali ya aina hii, mikono ya kwanza huwa ya abiria walionusurika na wanakijiji, kisha ya wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wenye vizibao vyao, na gari la wagonjwa hufika mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa tangu Msalaba Mwekundu wenyewe uzaliwe. Huko Solferino, Italia, mwaka 1859, Henry Dunant aliwakuta wanawake wa mji wa Castiglione wakiwauguza majeruhi wa pande zote mbili kabla ya kuwepo chama chochote. Aliona kwamba moyo upo tayari. Kinachokosekana ni maandalizi.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vingi vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukisha kufika. Aina zote tatu zipo Fungurume. Familia husita kwa sababu inajua mgonjwa anaweza kuzuiwa hospitalini mpaka deni lilipwe, jambo lililozoeleka Katanga. Safari hufanywa kwa pikipiki: mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimkumbatia, kitenge kikiwafunga watatu pamoja. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na saa moja imekwisha kupotea katika kutafuta hela ya mafuta.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2005 kwamba pasipo magari ya wagonjwa, wafundishwe wale ambao tayari hubeba majeruhi. Ghana ilikuwa imewafundisha madereva wa teksi na malori, wakajifunza kukandamiza kidonda kinachovuja damu, kumlaza kwa ubavu mtu aliyezimia, kutomkunja aliyeumia shingo. Fungurume ina wenye pikipiki, ina wahudumu wa afya wa vijiji, ina vijana wa Msalaba Mwekundu. Wanachohitaji kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: mafunzo yanayorudiwa kila mwaka, glavu, machela, mapipa ya maji kando ya barabara ya tindikali, namba moja ya simu inayopokelewa usiku, fedha ya mafuta inayorudishwa bila masumbuko, na bima kwa anayeumia akiokoa. Juu ya hayo, ahadi kwamba aliyemleta majeruhi hatazuiliwa na polisi wala kudaiwa na hospitali.

Fedha zipo kisheria. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inaagiza asilimia 15 ya mrabaha iende kwa utawala wa eneo linalochimbwa, na kila kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Fedha hizo zimejenga shule na visima, na wananchi wana haki ya kukaa kwenye meza ya kupanga matumizi yake. Waombe uokoaji uandikwe humo kwa jina lake, pamoja na zamu, orodha na mfuko, kama wanavyofanya watu wa Kigezi.

Mwaka 2023 reli ya Lobito ilikabidhiwa kwa wawekezaji wapya, na shaba ya Katanga imeanza tena kushuka baharini kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1931. Kila mara njia hii ilipotengenezwa upya, shaba ilipangiwa usafiri kwanza, na mgonjwa akaachiwa jirani. Jirani hajawahi kukataa, kwa zaidi ya miaka mia moja. Safari hii naye aingizwe kwenye mpango tangu mwanzo, kabla reli haijakamilika na kabla bajeti haijafungwa.