Mukuba haiishake, miti njo inaishaka



Mwezi uliopita kijana mmoja alifika kwenye atelye yetu na mfuko wa waya wa mukuba. Waya ulikuwa mweusi, umechomwa ili plastiki itoke. Bei yake ilikuwa chini kabisa kuliko ya soko. Mama mmoja akamwuliza: "Mwanangu, hii imetoka wapi?" Akajibu: "Mama, usiniulize vile. Uliza bei tu." Tukamrudisha na mfuko wake. Wengine kati yetu walikasirika, walisema tumepoteza faida. Juu ya ile naandika hii historia. Kabla ya kuchagua vifaa vya bangili, hereni na masahani yetu, tuangalie waliotutangulia kwenye hii udongo walichagua namna gani.

Kwenye ziwa Kisale, mahali panapoitwa Sanga, wachimbuaji wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, na tena mwaka 1974. Walikuta watu waliozikwa zaidi ya miaka 1000 iliyopita, wakiwa na bangili, mikufu na mikaba ya mukuba. Lakini kule Kisale mukuba hakuna. Ulitoka huku kwetu kusini, ukabebwa safari ndefu. Kuanzia karne ya 14 hivi, makaburi yanaonyesha kitu kingine: misalaba midogo ya mukuba, imewekwa karibu na mikono ya maiti. Hiyo ilikuwa feza. Pambo lilikuwa akiba, na akiba ilikuwa pambo. Msalaba uliweza kuyeyushwa ukawa bangili, na bangili ikachakaa ikawa jembe ao waya. Hakuna kilichotupwa.

Namna ya kuupata inajulikana vizuri, sababu Mgr de Hemptinne, mkubwa wa misioni Katanga, aliandika mwaka 1926 juu ya wale walioitwa walaji wa mukuba. Kisha mavuno ya mutama, wakati wa kiangazi, kijiji kilihama kwenda kwenye machimbo. Wanaume walichimba lile jiwe la kijani tunaloita malakiti. Wanawake na watoto waliokota na kuosha mtoni. Tanuru lilijengwa na udongo wa kichuguu, mivuvio ilikuwa ya ngozi ya nyama wa pori, na moto ulikuwa wa makala. Mvua ikianza, kazi inasimama, watu wanarudi kulima. Bayeke wa Msiri, waliotoka upande wa Unyamwezi, walijua tena kuvuta mukuba hata ukawa waya mwembamba sawa uzi, wa kusukia bangili.

Tusidanganyane: wazee nao walikata miti mingi. Mukuba unaweza kuyeyushwa mara mia, lakini kila mara unakula makala. Pori lilipona juu moto ulikuwa wa miezi michache tu, na watu walikuwa kidogo.

Mwaka 1911 Union Minière iliyeyusha mukuba wake wa kwanza hapa Lubumbashi. Tanuru halikungoja tena kiangazi. Mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu ya mukuba iliwekwa kwenye bendera, na mwaka uliofuata msalaba ukawekwa kwenye vipande vya feza. Lakini mufuaji wa kijijini alikuwa amekwisha kupoteza kazi yake. Mukuba ukawa wa kampuni, ukapanda treni.

Sisi tuliorudi tunajua ile maana ya zamani kwa miili yetu. Pweto ilipoanguka mwezi wa 12 mwaka 2000, watu walivuka kwenda Zambia na kile mikono iliweza kubeba. Viti vilibaki, vitanda vilibaki. Bangili ya nyanya ilivuka, sababu ilikuwa mkononi. Wengine waliiuza kambini juu ya unga na dawa. Wengine walirudi nayo, nayo ingali inang'aa.

Basi kwa kila kifaa tuulize maswali mawili: Kilipotoka, nani ameumia? Kikivunjika, kinaweza kuwa kitu kingine?

Waya wa kukatwa usiku kwenye mistari ya umeme unajibu swali la pili vizuri, lakini la kwanza linaushinda: mtaa mzima unalala gizani, na mama mwenye frigo anapoteza samaki. Tununue mukuba wa zamani kwa muuzaji mwenye karatasi. Malakiti ni nzuri, ni ya kwetu, lakini ikatwe na maji ikitiririka na mdomo umefunikwa, sababu vumbi yake ni sumu. Na tusitengeneze bakuli ya chakula nayo: ndimu inaitafuna. Pembe ya tembo hapana. Mataifa yalikata biashara yake mwaka 1989. Muti wa mukula nao uko chini ya ulinzi wa mataifa tangu 2019, baada ya malori kuumaliza porini. Tutumie vipande vinavyobaki kwa maseremala. Na makala? Tukusanye kazi ya kuyeyusha siku moja kwa juma, tusiwashe moto kila asubuhi juu ya bangili mbili.

Wenye kutusaidia, bei yetu itapanda kidogo. Mkiuliza juu ya nini, jibu ni lile la mama wa atelye: sababu tuliuliza imetoka wapi.

Wanamemba, kijana yule tulimrudisha mikono mitupu, na hapo tulikosa. Akirudi, tumpe nyundo na nafasi ya kujifunza. Hiyo tuizungumuze kwenye mkutano.